Jubilei ya ndoa miaka 25: tupande meli ya kampuni gani? Royal Caribbean, Carnival, Norwegian, Celebrity au Holland America?

Baba Neema HTX

Wakuu, habari za jioni.

Septemba mwakani mimi na mama watoto tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Misa ya shukrani ipo, ndugu watakula na kunywa, hilo limeshapangwa na kamati. Ninachoombea ushauri ni wiki inayofuata baada ya hapo. Nataka nimpandishe mke wangu meli ya kitalii, sisi wawili tu. Ni muuguzi, zamu zake nyingi ni za usiku, na likizo zetu zote zimekuwa za kwenda Moshi, ambako ukifika tu unakuta msiba, harusi ya mtoto wa shangazi na vikao vya michango. Hii moja nataka iwe yake.

Tunaishi Houston, kwa hiyo Galveston ni kama saa moja kwa gari. Pale kuna Royal Caribbean na Carnival, safari za siku saba kwenda Cozumel, Costa Maya na Roatán, huko Karibi. Watu wa jumuiya yetu wanasifu Carnival kwa bei. Mwanangu ananiambia Royal Caribbean ndiyo yenyewe. Nimesoma pia habari za Norwegian, Celebrity, Holland America na Princess, na kila moja inajieleza kama vile nyingine hazipo.

Mke wangu hagusi pombe. Mimi ni bia mbili jioni. Anapenda muziki wa taratibu, na anaweza kukaa saa nzima anatazama maji bila kusema neno. Makelele hapendi kabisa. Bajeti ni dola 4,000, ikizidi sana 5,000, kila kitu humo humo. Wote tuna grini kadi na pasipoti za Tanzania.

Waliopanda, nipeni uzoefu tafadhali. Si matangazo, uzoefu.

---

Mama Kevo Dallas

Hongera sana Baba Neema, Mungu awaongezee mingine 25.

Mimi nitasimama na Royal Caribbean, na nitakwambia kwa nini. Meli zao za daraja la Oasis, kama Allure na Harmony ambazo zote zimeshafanya kazi hapo Galveston, zina bustani halisi katikati ya meli, inaitwa Central Park. Miti na maua hai, maelfu, ndani ya meli, halafu juu yako ni anga. Jioni watu wanatembea pole pole pale, kuna mpiga gita, mikahawa midogo pembeni. Kuna vyumba ambavyo roshani yake inatazama hiyo bustani na bei yake huwa chini ya roshani ya baharini. Sisi tulichukua hiyo na bwanangu alipenda kuliko alivyotegemea.

Mtu akikwambia meli kubwa ni kelele tupu, muulize kama amefika Solarium. Ni sehemu ya watu wazima, watoto hawaingii. Carnival nao wanayo yao, Serenity, na ni bure. Norwegian wanayo inayoitwa Vibe lakini hiyo inalipiwa.

---

Mvuvi wa Pongwe

Baba Neema, hongera. Niko Seattle, na meli hizi ninaziona zikitoka kuanzia Aprili hadi Oktoba. Nimepanda za Karibi na za Alaska. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu umeuliza kwa uzito.

Umeanza na kampuni. Mimi ningekuomba uanze na mwezi. Umesema Septemba. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni kati ya Agosti na Oktoba. Septemba ndiyo kitovu. Meli haitakuzamisha, wana rada na wanakimbia dhoruba kwa siku kadhaa kabla. Lakini kukimbia maana yake ni kubadilisha njia: ulilipia Roatán, unashushwa kwingine, au unakaa baharini siku nzima ya ziada. Mkataba wa tiketi, wa kampuni yoyote ile, unawaruhusu. Utakachorudishiwa kwa kawaida ni ada za bandari ile mliyoiruka na matembezi uliyonunua kwao. Kwa safari ya kawaida unavumilia. Kwa jubilei, mimi nisingependa.

Kwa hiyo kama tarehe haihami, tazama kaskazini. Alaska mwezi Septemba kuna mvua, nisikudanganye, na ni baridi ya makoti. Lakini nauli hushuka shule zikifunguliwa, familia zenye watoto zinapungua, na sitaha zinakuwa kimya. Huyo mama unayemweleza, anayetazama maji bila kusema, huko ndiko kwake.

Sasa kampuni. Nitasema kila moja ninavyoifahamu.

Carnival ilianzishwa mwaka 1972 na Ted Arison na tangu zamani imejiuza kama meli ya raha: vichekesho, muziki wa juu, baga, watu wanaimba karaoke saa tano usiku. Wahudumu wakarimu, bei nzuri kweli. Kundi la marafiki, reunioni ya ukoo, sherehe ya bethidei, twende huko. Carnival Jubilee ya Galveston inabeba zaidi ya watu 5,000, na jina lake lisikuvutie kwa ajili ya jubilei yako.

Royal Caribbean wanauza meli yenyewe. Icon of the Seas iliyoanza kazi Januari 2024 kutoka Miami ina sitaha 20 na inaweza kubeba hadi abiria 7,600. Ukiwa ndani yake unaweza kusahau kwamba kuna bahari, na kwa watu wengi hicho ndicho wanacholipia. Mama Kevo amesema kweli kuhusu Central Park. Lakini roshani inayotazama bustani inakunyima kile ambacho mama Neema anakipenda.

Norwegian tangu mwaka 2000 wameacha mtindo wa kula kwa saa maalumu na meza maalumu. Unakula unapotaka. Kwa mtu wa zamu za usiku, ambaye mwili wake haujui saa moja jioni ni nini, hilo ni jambo la kufikiria. Tahadhari: mara nyingi wanatangaza vinywaji vimo kwenye nauli, lakini ada ya huduma ya hicho kifurushi unalipa wewe. Kwa mtu asiyekunywa, hiyo ni hela inayokwenda bure.

Celebrity wako chini ya kundi moja na Royal Caribbean, lakini ni kama ndugu mtulivu wa nyumba hiyo. Chakula kizuri, watoto wachache, vyumba vimepambwa kwa ustadi. Hizi za daraja la Edge zina vyumba ambavyo roshani yake ni dirisha kubwa linaloshushwa kwa kitufe. Wengine wanalisifu, mimi nilitaka kusimama nje.

Holland America ni wazee wa kazi, tangu 1873. Meli zao nyingi ni za watu kama 2,000, abiria ni watu wazima, wastaafu wengi. Usiku muziki ni piano, bluzi, bendi. Saa tano nusu ya meli imelala. Vijana watakwambia inachosha. Nakuuliza: kwa maelezo yako, nani anatafuta meli isiyochosha?

Princess wako karibu nao kwa tabia, meli kubwa kidogo, na Alaska wanaijua vizuri.

Na hapa ndipo njia inaposhinda kampuni. Kuna hifadhi ya taifa huko Alaska inaitwa Glacier Bay. Serikali inaruhusu meli kubwa za kitalii mbili tu kwa siku, na vibali vingi vimeshikwa na Holland America na Princess, Norwegian nao wana kiasi. Meli inaingia asubuhi, maafisa wa hifadhi wanapanda kwa mashua na kueleza kwa kipaza sauti, na mnazunguka humo karibu siku nzima. Hakuna anayeshuka. Mbele ya barafu ya Margerie meli inasimama na kujizungusha taratibu ili kila upande uone. Vipande vya barafu vikikatika na kuanguka majini, mlio unakufikia baadaye kidogo, kama radi. Meli za Royal Caribbean na Celebrity kwa kawaida hupelekwa sehemu nyingine zenye barafu, Endicott Arm au Hubbard, nako ni kuzuri sana, lakini ratiba ya siku ile inategemea hali ya barafu.

Ningekuwa wewe: Holland America, siku saba kutoka Seattle, yenye Glacier Bay kwenye ratiba. Isome ratiba kwa macho yako, maana kampuni hiyo hiyo ina meli zisizoingia humo.

---

Baba Neema HTX

Mvuvi, umenifungua macho, hasa hili la Septemba. Sikuwa nimelipigia hesabu. Swali: hivi nauli wanayotangaza ndiyo ninayolipa? Na je, visa? Alaska si lazima mpite Kanada?

---

Mvuvi wa Pongwe

Mnapita, ndiyo. Meli hizi zimesajiliwa nje, Bahama, Panama, Uholanzi, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya nje kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwazungusha bandari za Marekani peke yake. Ndiyo maana safari za Seattle zinagusa Victoria, Kanada, mara nyingi jioni ya mwisho.

Mwenye grini kadi haombi visa ya Kanada. Lakini tangu tarehe 26 Aprili 2022 anahitaji grini kadi iliyo hai pamoja na pasipoti ya nchi yake iliyo hai. Neno ni hilo la pili. Wabongo wengi wenye grini kadi wameiacha pasipoti ya Tanzania ife kwa sababu hawaitumii. Angalieni zenu leo, si Agosti.

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na visa ya masomo au ya kazi: hakikisha visa yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana ukitoka na meli umetoka nchini.

---

Kamba ya Nanga

Baba Neema, mimi ni wa Mombasa, nimefanya kazi ya vyumba kwenye meli hizi. Sitataja kampuni. Nikujibu la pesa, kwa sababu kila wiki naona wageni wakishangaa siku ya mwisho.

Bei ya tangazo ni kitanda, chakula cha kawaida, maonyesho na bwawa. Juu yake kuna kodi na ada za bandari. Halafu bakshishi: kampuni hizi za kawaida zinatoza kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Kwa watu wawili siku saba ni dola 224 hadi 280. Tafadhali msiende kaunta kuiondoa. Hiyo si ya mhudumu mmoja unayemwona, inagawanywa mpaka kwa watu wa jikoni na dobi ambao hamtakutana nao. Mtu anatoka Kenya, Ufilipino au Indonesia, mkataba miezi sita mpaka tisa, hana siku nzima ya mapumziko. Hiyo ndiyo inalipa karo nyumbani.

Vinywaji: kampuni nyingi, mmoja akinunua kifurushi cha pombe, mtu mzima mwenzake wa chumba kile naye lazima anunue. Kwa bia mbili na mke asiyekunywa, usikiguse. Lipa glasi kwa glasi. Maji, chai na kahawa ya kawaida ni bure.

Intaneti inauzwa kando. Kliniki ya meli nayo inalipiwa palepale, na bima nyingi za Marekani hazilipi vizuri huko, kwa hiyo nunua bima ya safari yenye kipengele cha kuhamishwa kwa dharura. Muuguzi atakuelewa haraka.

Sasa chumba, hapa ndipo kazi yangu. Chukua katikati ya meli, si omo (mbele) wala tezi (nyuma), kwa sababu katikati ndiko inakotikisika kidogo. Tazama ramani ya sitaha kabla hujalipa: juu yako kuwe na vyumba na chini yako kuwe na vyumba. Ukipangwa chini ya bwawa, alfajiri utasikia viti vinaburutwa. Ukipangwa juu ya ukumbi wa muziki, ngoma itakupigia mgongoni. Kuna nauli ya bei ya chini ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba. Kwa jubilei usiende na hiyo.

Roshani Alaska inafaa kuliko Karibi. Karibi watu wanashinda bwawani. Alaska unakaa kwenye roshani yako na blanketi na chai, nyangumi anapita, hujagombania nafasi na mtu.

Pia, kabla ya kulipa, ingia tovuti ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wana mpango wa kukagua usafi wa meli zinazogusa bandari zao. Kila meli inapewa alama juu ya 100, na 85 kushuka chini ni kufeli. Yanaandikwa wazi hata makosa yenyewe. Mkiwa melini nawe kwa sabuni na maji kabla ya bufee. Ile dawa ya kupaka mikononi haimwezi norovirus, kirusi cha kutapika na kuharisha.

---

Mzee wa Kigamboni

Vijana, nawafuatilia kutoka Dar. Sisi tulioko nyumbani tunazitazama tu zikitia nanga Zanzibar, wageni wanashuka na kofia zao. Hakuna ya karibu ambayo mimi na bibi yenu tunaweza kupanda bila hiyo grini kadi?

---

Mvuvi wa Pongwe

Shikamoo mzee. Ipo. MSC, kampuni ya familia ya Kiitaliano yenye makao Geneva, hao hao wenye makontena mnayoyaona bandarini, huleta meli Afrika Kusini msimu wa kiangazi cha kule, takribani Novemba hadi Aprili, na bandari yake kubwa ni Durban. Kuna safari fupi za siku tatu au nne mpaka Pomene au kisiwa cha Portuguese, Msumbiji. Mtanzania haombi visa ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, na Mkenya vivyo hivyo tangu Januari 2023. Anayetokea Kenya abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gharama kubwa kwako itakuwa ndege. Wikiendi huwa na vijana wengi wa Johannesburg wenye kupenda muziki, kwa hiyo mtafute siku za katikati ya wiki.

---

Bi Zuhura wa Maskati

Asalaam alaykum. Kaka Baba Neema, hongera, Mungu awape afya. Naongezea kwa ajili ya Waislamu wanaosoma, kwa sababu kampuni zote mlizotaja mtu anakaa anauliza nyama kila mlo.

Tangu Desemba 2024 kuna AROYA, kampuni ya Saudia inayoanzia Jeddah. Hakuna pombe melini kabisa, chakula halali, mahali pa kuswali pamo, na kuna saa za wanawake peke yao. Meli yenyewe ilikuwa ya Asia ikiitwa World Dream, wakaitengeneza upya. Mimi na mume wangu tulikwenda. Nilivaa nguo yangu ya kuogelea bila kutazama nyuma, na hilo kwangu lilikuwa na thamani kuliko ukumbi wowote wa maonyesho. Usiku ni kahawa, tende, nyimbo za Kiarabu mpaka watu wachoke wenyewe. Mwenye kutafuta ukimya apande mapema kulala, maana Waarabu tunaanza jioni saa nne.

---

Mama Kevo Dallas

Bi Zuhura, hiyo ya saa za wanawake nimependa sana. Asante.

Baba Neema, mimi bado nasema usiikimbie Galveston haraka. Kwenda Seattle mnalipa ndege wawili, hoteli usiku mmoja kabla, koti. Hapo kwenu mnaegesha gari mnapanda. Kama ndoa ilifungwa Septemba, si lazima safari iwe Septemba. Nendeni Februari, hakuna kimbunga, na Houston nayo ni baridi mnatoroka.

---

Baba Neema HTX

Mama Kevo, hoja yako ni nzito, na niliiweka mezani. Ila jana nilikaa na mke wangu nikamsomea uzi huu wote, maana nimeona siri haina maana kama atakwenda mahali asipopapenda. Nilipofika kwenye ile barafu ya Margerie akaniambia nirudie kusoma. Nikarudia. Halafu akauliza kama kule kuna baridi kama ya Kibosho mwezi wa saba au zaidi. Nikajua.

Nimepiga hesabu kwa namna Kamba ya Nanga alivyoeleza: nauli ya chumba chenye roshani katikati, kodi, bakshishi, bima, ndege, usiku mmoja Seattle, na matembezi mawili. Inaingia chini ya 5,000 kwa Septemba. Kwa Juni isingeingia. Kifurushi cha vinywaji hakimo.

Pasipoti ya mama Neema inaisha Julai. Tumeshaanza kuihuisha.

Maswali mawili ya mwisho: matembezi ninunue kwa kampuni ya meli au kwa wenyeji? Na upande upi wa meli, kulia au kushoto?

---

Mvuvi wa Pongwe

Matembezi: Juneau kuna mashua za kwenda kutazama nyangumi, na Skagway kuna reli ya White Pass iliyojengwa 1898 hadi 1900 wakati wa kukimbilia dhahabu. Hayo mawili yanakutosha. Kwa wenyeji huwa nafuu na vikundi vidogo. Tofauti ni moja: ukichelewa ukiwa na matembezi ya meli, meli inakusubiri. Ukichelewa na ya kwako, inaondoka. Nyangumi chukua kwa wenyeji, wanarudisha watu mapema. Treni ya Skagway inaishia karibu na gati, nayo haina shida.

Upande: mkipanda kaskazini kulia ndiko bara liliko, mkirudi ni kushoto. Glacier Bay meli inajizungusha. Usilipe zaidi kwa ajili ya upande. Kitu kingine, safari za Seattle hupita bahari ya wazi upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, kwa hiyo siku ya kwanza huwa na mawimbi. Bebeni dawa ya kichefuchefu, mnywe kabla haijaanza kutikisika.

---

Kamba ya Nanga

Na mkishalipa, piga simu waandike kwenye buking kwamba ni jubilei ya miaka 25. Weka meza ya watu wawili mapema, dirishani, kwa sababu za dirishani ni chache na zinakwisha. Siku ya kupanda, kabla ya kufungua mizigo, malizeni zoezi la usalama: mjue kituo chenu cha kukusanyika kiko wapi na mpite mpaka pale kwa miguu. Tangu Costa Concordia ilipozama Januari 2012 na watu 32 kufa, zoezi hilo linafanywa kabla meli haijang'oa nanga, na meli haiondoki mpaka kila mtu amelifanya. Mkimaliza mapema mtapata sitaha ya juu ikiwa tupu Seattle inapoachwa nyuma.

Chumba mkishapewa namba, iandike hapa. Nitaitazama kwenye ramani ya sitaha nikwambie juu yake kuna nini.